Siku Adero Alipofungua Kinywa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Adero aliponda kipande cha mkaa kwa kitako cha chupa, akachanganya unga wake na chumvi, akasugua meno. Alisugua hadi ufizi ukatoa damu. Kisha alichukua kioo kidogo cha mama yake na kufumbua midomo polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mgonjwa. Meno yalikuwa vile vile. Yalikuwa ya kahawia, yenye mabaka, kana kwamba yamelowekwa kwenye chai usiku kucha.

Adero alikuwa na miaka kumi na miwili. Katika mtaa wao wa Landi Mpya, nje kidogo ya mji wa Nakuru, hakuwa peke yake. Babu yake aliletwa hapo na kazi ya reli, akiwa mtu mzima, na mpaka anakufa meno yake yalikuwa meupe. Lakini watoto waliozaliwa mtaani, karibu wote, meno yao yaliota yakiwa na madoa. Watu wengine walisema ni damu ya ukoo. Wengine walisema ni laana. Wengi walisema ni uchafu tu, na hao ndio waliosema kwa sauti kubwa.

Shuleni kulikuwa na mvulana aliyeitwa Wasike, aliyehamia darasa lao kutoka Molo. Yeye ndiye aliyempa Adero jina la Strungi, ile chai isiyo na maziwa.

"Niaje, Strungi," alimwambia kila asubuhi. "Leo umeongeza sukari?"

Darasa lilicheka. Adero alijifunza kuzungumza akiwa ameziba mdomo kwa mkono, na kucheka kwa pua peke yake. Lililomuuma zaidi lilikuwa jambo la kwaya. Hakuna mtoto shuleni aliyekuwa na sauti kama yake, na Mwalimu Njuguna alilijua hilo. Hata hivyo, mashindano yalipokaribia, mwalimu alimtoa mstari wa mbele na kumpeleka nyuma kabisa. Alimweleza kwa upole kwamba kutakuwa na kamera, na kwamba afungue mdomo nusu tu.

"Sauti yako tunaihitaji," alisema mwalimu. "Ila..." Hakumaliza. Hakuhitaji kumaliza.

Wakati huo ndipo Cate alipofika mtaani. Alikuwa mtafiti kijana, mzaliwa wa Subukia, na alifanya kazi na kikundi kinachotetea haki ya maji safi kwa watu wa mitaa ya hali ya chini. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza watu wanakunywa maji gani, wanayapata wapi, na watoto wao wamezaliwa wapi. Alichota maji kidogo katika kila kioski cha kuuzia maji na kuyatia kwenye vichupa.

Mama yake Adero alimpokea akiwa amempakata Travis, mtoto wake mchanga ambaye bado hakuwa na jino hata moja. Mama alikuwa akifua nguo za watu siku nzima huko Kiamunyi, mtaa wa wenye nacho, na alikuwa amechoka. Hakumkaribisha mgeni chai.

"Dada yangu, nyinyi si wa kwanza," alimwambia. "Kuna aliyekuja kuuliza tunakula mara ngapi kwa siku. Kuna aliyempiga picha huyu msichana wangu. Waliandika, wakaenda. Umaskini wetu umesomesha watu wengi, na sisi tuko hapa hapa."

Cate aliinamisha kichwa. Hakujitetea. Alisema hayo ni kweli, na kwamba hakuwa na maneno ya kuyaponya. Alichoomba ni kupewa nafasi ya kurudi na majibu.

Na kweli alirudi, majibu yakiwa mabaya. Maji ya kioski yalikuwa na madini mengi mno yanayoitwa floraidi, yanayotoka kwenye miamba ya chini ya ardhi. Yakiwa kidogo, hayadhuru. Yakizidi, huharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi, na mwishowe huweza kuumiza hata mifupa. Mama alisema yeye huyachemsha maji kila siku, kama walivyofundishwa kliniki. Cate alimweleza kwamba kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haifi, kwa sababu haikuwa hai. Hubaki ndani ya sufuria.

Mama alimtazama Travis. Wiki hiyo alikuwa ameanza kumpikia uji.

Cate aliomba mkutano na kampuni iliyochimba kisima kinacholeta maji ya kioski, mbele ya maafisa wanaosimamia maji. Alijua kampuni ingekataa vipimo vyake, kwa hiyo alihitaji mtoto mmoja ambaye angekubali daktari wa meno amchunguze mbele ya watu. Wazazi wawili walikubali, kisha wakabadili nia. Mmoja aliuliza binti yake ataolewa na nani baada ya kuanikwa hivyo. Adero naye alikataa.

"Anti Cate, wewe una meno meupe," alimwambia huku mkono ukiwa mdomoni. "Ni rahisi kwako. Mimi sitaki kuwa picha tena."

Siku ya mkutano ukumbi wa kanisa ulijaa. Meneja wa kampuni alikuja na shati lililopigwa pasi vizuri na tabasamu pana. Aliongea kama mtu anayewafundisha watoto wadogo. Alisema vipimo vinaweza kudanganya, kwa sababu mitungi ya watu ni michafu. Kisha akasema lile alilokuja kulisema.

"Kisima ni kimoja. Maji yanayokwenda Kiamunyi yanatoka kisima hicho hicho. Wenzenu wanafanya kazi kule kila siku, waulizeni. Watoto wa kule meno yao ni meupe. Tofauti si maji, wazee wangu. Tofauti ni mswaki."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Wengine wote waliinamisha nyuso. Adero alimwona mama yake, mama anayenunua dawa ya meno kabla hajanunua sukari, naye akiinama na kuitazama sakafu kana kwamba ameiba kitu. Adero alisimama kabla hajaamua kusimama.

"Mimi hupiga mswaki," alisema.

Alisema kwa sauti ya kwaya, ile ya mdomo wote. Alitembea hadi mbele, akaketi kwenye kiti kilichokuwa kimebaki kitupu kando ya daktari wa meno, akafungua kinywa. Hakukifungua nusu.

Daktari alivaa glavu, akayafuta meno yake kwa pamba iliyoloweshwa dawa, moja baada ya jingine. Aliinua pamba juu. Ilikuwa nyeupe.

"Haya meno ni safi," daktari alisema. "Doa liko ndani ya jino. Haliwezi kutoka kwa mswaki." Kisha akamwinamia Adero. "Lakini ufizi umechanika. Unasugua na nini?"

"Mkaa na chumvi."

"Nani alikuambia ufanye hivyo?"

Adero alifikiri kidogo. "Kila mtu," akajibu.

Hapo Cate alisimama. Alikubali kwamba kisima ni kimoja, na akamshukuru meneja kwa kulisema mwenyewe. Kisha akaeleza kwamba kule Kiamunyi maji hupita kwanza kwenye chujio kubwa kabla ya kuingia nyumbani kwa watu. Bomba la Landi Mpya halikuwekewa chujio lolote. Afisa mmoja alimgeukia meneja na kumuuliza kama ni kweli.

Meneja aliitazama simu yake. "Kule wenye nyumba walidai," alisema.

"Na hapa?"

"Hapa hakuna aliyedai."

Mama alimhamishia Travis begani, akainuka. Hakuwa akitazama sakafu tena.

"Sasa tumedai," alisema.

Maafisa waliagiza chujio lijengwe. Kampuni ilikubali siku hiyo, na kuanzia siku iliyofuata ikaanza kusahau. Kwanza vifaa vilichelewa, kisha fundi akaugua, kisha mvua ikawa nyingi. Akina mama wa mtaa walibeba mitungi mitupu, wakaenda na Cate kuketi nje ya lango la kampuni. Walifukuzwa, wakarudi. Huku nyuma Travis alinunuliwa maji dukani, nyama ikasahaulika nyumbani, na Adero akaenda shule na viatu vilivyofunguka mbele. Hatimaye chujio lilijengwa, tangi lililojazwa mkaa maalumu wa mifupa ya ng'ombe, unaonasa floraidi maji yanapopita. Mzee Ogola, jirani yao, alipoambiwa mifupa inafanya kazi gani mle ndani, alisema angalau sasa watakunywa supu bila kwenda buchari.

Kampuni iliweka bango juu ya kioski. Liliandikwa kwa herufi kubwa, "Tunawajali", na chini yake kulikuwa na picha ya mtoto anayecheka. Meno yake yalikuwa meupe kama maziwa. Hakuwa mtoto wa Landi Mpya. Hakuna aliyemjua.

Shuleni, Wasike hakumwita Adero Strungi tena. Hakuomba msamaha pia. Kwenye mazoezi ya kwaya, Adero alikwenda moja kwa moja kusimama mstari wa mbele bila kuomba ruhusa. Mwalimu Njuguna alimtazama, akainua mikono ili waanze.

Siku ya kwanza ya kuchota maji ya chujio, Adero alisimama kwenye foleni na mama yake, akalitazama lile bango kwa muda mrefu.

"Mama, yangu hayatakuwa hivyo," alisema. "Daktari alisema hayabadiliki."

"Najua," mama alijibu. Hakumdanganya. "Wamekukosea, na hawatakulipa. Wameweka hata picha ya mtoto mwingine. Lakini sikiliza, mwanangu. Miaka yote hii wao walikuwa wakikosea, na sisi tulikuwa tukiwafichia kwa mikono yetu wenyewe. Mtu akikuonea, aibu si yako. Ni yake. Usimbebee. Jua ukweli, utafute mpaka uupate, kisha useme mdomo ukiwa wazi, hata kama mdomo wenyewe una madoa."

Zamu yao ilifika. Adero alikinga kikombe, akamnywesha Travis. Maji yalimtiririkia mtoto kidevuni, naye akacheka, ufizi mtupu ukimeremeta. Meno yake yalikuwa bado yanaundwa mle ndani, mahali ambapo hakuna anayeyaona.

Adero akacheka pia. Mkono wake mmoja ulishika kikombe, wa pili ulishika mtungi. Hakuna uliokwenda mdomoni, na foleni nzima iliyaona meno yake yote.