Saa Sita Kufika Mumbai

Kila Jumamosi asubuhi Foram alibaki nyumbani akifua sare zake za shule, huku wazazi wake wakienda kufungua duka lao la vitambaa mjini Iringa. Jumamosi moja mama alisahau simu yake mezani. Foram aliichukua akaanza kucheza gemu. Saa mbili mjomba Ronak alipiga kutoka Mumbai, ng'ambo ya bahari. Alisema bibi amezidiwa, na mama asafiri leo leo. Foram aliahidi kumwambia, kisha akarudi kwenye gemu.

Alikumbuka jioni, mama aliporudi. Kwa woga, alifuta rekodi ya simu ile, akamwambia mama kwamba mjomba amepiga muda ule ule.

Kutoka Dar es Salaam ndege huchukua kama saa sita tu kufika Mumbai. Lakini kutoka Iringa hadi Dar ni kutwa nzima kwa basi. Mama angeondoka asubuhi, angeiwahi ndege ya usiku ule. Iliyofuata ilikuwa ya Jumanne. Bibi alifariki Jumapili, na kwa desturi yao mwili ulichomwa kesho yake. Mama alipofika alikuta majivu.

Alirudi amekonda, hasemi na mtu. Mjomba alikuwa amemweleza kwamba alipiga asubuhi, lakini mama alipomuuliza Foram, Foram alikana. Tangu hapo mjomba akipiga, mama aliitazama simu mpaka ikakatika.

"Alichelewa kunipigia, sasa anamsingizia mtoto," alimwambia baba.

Wiki hiyo Mwalimu Kalinga alikuwa akifundisha mwendokasi, umbali na muda. Aliandika ubaoni kwamba Dar es Salaam hadi Mumbai ni kama kilomita 4,600, na ndege inakwenda kilomita 800 kwa saa. Akamwita Foram. Foram aligawanya bila kukosea: saa tano na dakika arobaini na tano. Wenzake wakampigia makofi. Alirudi kwenye dawati, akaficha uso nyuma ya daftari, akalia.

Alipofika nyumbani alimkuta mama ameketi peke yake jikoni.

"Mama, mjomba hakusema uongo. Alipiga saa mbili asubuhi. Mimi ndiye niliyesahau, halafu nikaogopa."

Foram alingoja kupigwa, lakini mama alijifunika uso kwa mtandio akalia. Kisha alimpigia kaka yake, akamwomba radhi kwa Kigujarati, tena na tena, mpaka sauti ikamkauka.

Alipomaliza alimvuta Foram karibu.

"Kusahau ningekusamehe jioni ile ile," alisema. "Huenda hata ungeniambia mapema nisingemkuta bibi akiwa hai. Hilo sitalijua kamwe. Lakini uongo wako ulininyang'anya na kaka yangu, na ndiye pekee niliyebaki naye kule. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Ukinyamaza, kuna mtu mwingine anabeba kosa lako."

Walikaa hapo mpaka baba aliporudi kutoka dukani. Foram akasimama, akamweleza na yeye.