Ukuta Uliohifadhiwa

Ukumbi ulifurika siku kampuni ilipouonyesha umma mfano wa mji mpya utakaojengwa kwenye kambi ya zamani ya jeshi. Minara ya plastiki, miti ya sponji, vijigari vya kuchezea. Watu walisukumana kupiga picha. Binti mmoja fundi cherehani, gauni la njano, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, alipenya hadi mbele akaweka kidole juu ya maegesho.

"Hapa ndipo kilipokuwa kitanda changu," alisema kwa sauti. "Sasa litalala gari la nani?"

Injinia wa mradi, shati jeupe lililopigwa pasi likakakamaa, alikuwa amejibu maswali asubuhi nzima bila kutoka jasho. Hilo lilimshinda.

"Dada, ulikuwa mwanajeshi?"

"Mtoto wa mwanajeshi. Simama vizuri unapozungumza nami."

Injinia akabana visigino. "Ndiyo, afande!"

Binti akacheka bila kutaka. Mapenzi yao yalianzia hapo.

Kambi ile waliijenga wakoloni, jeshi letu likairithi. Baadaye kikosi kikahamishwa, wajane na watoto wakatolewa nje na magodoro yao, majani yakaota hadi madirishani. Hakuna mkubwa aliyejali. Alipotokea mwekezaji, ghafla wote wakawa wapenzi wa historia, mradi historia yenyewe isizuie maegesho.

Injinia alianza kupeleka kwa fundi suruali zisizo na kasoro.

"Mbona hii inakutosha?"

"Inanibana moyoni, afande."

"Moyo wako unakaa kiunoni?"

Mapenzi yakakolea. Jioni moja injinia akampigia simu. "Mpenzi, nikupe zawadi gani?"

"Usibomoe ukuta wa mbele wa ghala la silaha."

"Ukuta? Wenzio wanaomba pete!"

"Ukuta kwanza."

"Nimesikia, afande. Halitoki hata tofali moja."

Binti hakumweleza kwa nini. Aliamini kwamba mtu anayeshinda pale kila siku amekwisha kuusoma. Naye injinia hakuuliza. Kwake ukuta ulikuwa urefu, kimo na unene, basi.

Kumbe kwenye matofali yale ndiko askari walikochonga maneno kwa ncha za visu kabla ya kupanda malori kwenda vitani. Baba wa binti alichonga neno moja: NARUDI. Hakurudi, wala mwili wake haukuletwa. Mama yake, aliyebaki bila kaburi la kulilia, alikuwa akipenya kwenye ua uliotoboka kwenda kuligusa neno lile.

Baada ya miezi ya kubomoa, simu ikalia. "Mpenzi, njoo na mama. Kuna kitu nataka mkione."

Walikwenda wamevaa nguo zao nzuri kuliko zote. Injinia alikuwa na pete mfukoni. Majengo yote yalikuwa chini. Ukuta ulisimama peke yake, umepigwa plasta laini, umepakwa rangi nyeupe.

"Nimegombana na kampuni nzima!" alisema, uso unang'aa. "Umehifadhiwa!"

Mama alisogea akaanza kuupapasa, mkono huu, mkono ule, kama mtu anayetafuta swichi gizani. "Liko wapi?" aliuliza. "Mwanangu, liko wapi?"

Binti alimgeukia injinia. "Baba yangu hakuwahi kuzikwa. Leo umemzika wewe, kwa plasta!"

"Mpenzi, si uliomba ukuta..."

"Usiniite mpenzi! Unapita hapa kila siku, hukuyaona maandishi? Hukuliona neno la baba yangu, NARUDI?"

"Nilidhani ni mikwaruzo."

"Mikwaruzo!" Akamshika mama yake mkono wakaondoka.

Injinia alipiga simu, ikakatwa. Akapiga tena.

"Nisamehe."

"Kamwombe msamaha ukuta." Ikakatwa.

Akachukua nyundo na patasi, akaenda kubandua plasta mwenyewe. Bosi wake akaja mbio. "Ukiendelea, huna kazi." Akaendelea. Plasta ile haikuwa imeshika vizuri kwenye matofali ya kale, ikawa inatoka mapande mapande. Bosi akamfukuza kazi papo hapo, akaita buldoza. Walimtoa injinia kwa nguvu, amekumbatia pande moja alilolifunga kwa shati lake.

Alifika dukani kwa fundi amejaa vumbi, amebaki na fulana.

"Umeniletea kifusi?" binti alifoka, mkasi mkononi.

"Ukuta wameubomoa. Wote."

"Toka! Toka kabla sijakuchoma!"

"Mwache aseme," mama alisema kutoka kwenye kiti chake.

Injinia alifungua shati, akaligeuza lile pande. Upande wa nyuma, plasta iliyoingia ndani ya michongo ilikuwa imetoka na umbo lake: herufi zimeinuka, zimepinduka, hazisomeki. Akalipeleka mbele ya kioo cha wateja, akaliinua.

Kwenye kioo likasomeka: NARUDI. R yake ilikuwa na mguu mrefu, vilevile baba alivyozoea kuiandika.

Mama alisimama. Aliziweka herufi chini ya vidole vyake, moja moja, midomo inacheza. Binti alilia kwa hasira, kwa ukuta, kwa baba, kwa mwanaume huyu mjinga aliyempenda.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua, afande." Uzito ulikuwa umeanza kuishusha mikono yake. "Nikiliweka hapa chini, nitaondoka."

"Nani kakuruhusu? Shikilia hivyohivyo. Mama bado anasoma."