Jua Ndani ya Beseni

Asubuhi ile Radhiya alijaza maji beseni, akaliweka uani, nyumbani kwao Ng'ambo. Mchana jua lingepatwa. Kwao jua lililopatwa hawalitazami juu. Hulitazama majini, tangu enzi za mabibi. Haya, nani wa kumlaumu? Akamwachia mumewe, Mudrik, amtazamishe mtoto wao Haitham. Yeye akaenda Fumba, kwenye kituo cha kutazamia nyota. Siku hiyo milango ilikuwa wazi kwa watu wote, naye alitamani kuiona darubini kubwa.

Bi Shemsa, mfanyakazi wa kituo, alikuwa akiwaonesha wageni darubini iliyovishwa kioo maalumu cha kuzuia mwanga.

"Bila ya kioo hiki, jua halitazamwi," alisema.

"Na kwenye beseni la maji, bibi?" aliuliza Radhiya.

"Hata humo. Maji yanaurudisha mwanga jichoni. Jua huunguza ndani ya jicho, wala huhisi maumivu. Ukija kujua, jicho lishaharibika."

"Yarabi, mwanangu!"

Radhiya akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Kimya. Labda Mudrik yuko msikitini, kwenye sala ya kupatwa kwa jua. Na Haitham je? Mtoto yule hatulii! Jua lilishaanza kumegwa. Akapiga tena na tena.

Mwishowe simu ikapokelewa.

"Mudrik! Mwaga maji!"

"Kulikoni? Ndo kwanza nnarudi kutoka msikitini. Haitham keshachungulia, anasema..."

"Mwaga, nakwambia! Yanaunguza macho!"

"Ah, we nawe! Mimi nlitazama hivi utotoni, na macho yangu haya mazima."

"Aliyevuka barabara kafumba macho akapona, ndo amfunze mwanawe?"

Kisha Radhiya akasikia maji yakimwagika.

"Mwambie achukue chujio la tambi," alisema Bi Shemsa. "Walipe jua mgongo, wakinge chujio, watazame kivuli chake sakafuni. Kila tundu litatoa kijua chake."

Punde Haitham akapiga kelele simuni: "Mama! Vijua vingi, vyote vimemegwa!"

Radhiya hakucheka. Keshachungulia! Neno hilo lilimkaa rohoni. Bi Shemsa akamshauri ampeleke mtoto kwa daktari wa macho.

Kesho yake daktari alimpima Haitham taratibu, jicho moja, kisha la pili.

"Macho yake mazima," alisema daktari. "Lakini msirudie tena."

Radhiya akaangua kilio palepale, wala hakuona haya.