Fundo Jekundu Kwenye Pembe ya Mto

Asubuhi nilikuwa nafungua duka, natoa mito na kuipanga kwenye benchi la nje. Jioni nairudisha ndani, ile ile. Kazi yangu ilikuwa kuiotesha mito jua.

Kabla ya hapo haikuwa hivi. Mimi na mke wangu tulikuwa na kibanda sokoni. Yeye alishona mifuko ya mito kwa cherehani, mimi nikajaza sufi. Hukuwa na haja ya kuuliza njia. Uliona sufi nyeupe ikipepea juu ya vichwa vya watu, ukaifuata. Watu walituita Baba Usingizi na Mama Usingizi.

Kisha wakubwa wakavunja soko. Walisema watajenga la kisasa. Hadi leo pale pana uzio wa mabati na picha kubwa ya jengo. Picha nzuri kweli. Mvua imeanza kuibandua.

Baadaye mke wangu akaugua. Hospitali ilikuwa na geti jipya na haikuwa na dawa. Hapo naishia. Nikianza simalizi.

Nikahamia chumba hiki cha uchochoroni, jirani na saluni. Cherehani yake niliiweka dirishani, kama alivyopenda kukaa yeye, penye mwanga. Niliifunika kwa kanga yake.

Siku moja binti yangu alipiga simu.

"Baba, njoo ukae na sisi. Mtu mmoja anaitaka cherehani ya mama. Nimemwambia aje kuiona mwisho wa mwezi."

"Cherehani haina ubaya wowote."

"Sijasema ina ubaya. Inashona nini, baba? Imekaa tu kama pambo."

"Nina ukurasa mtandaoni. Wateja watakuja."

"Ukurasa nimeuona," alisema, akaguna. Nilijua kuguna kule. Ameguna kama mama yake.

Ukurasa huo alinifungulia mkwe wangu. Alinionyesha pa kuandika, pa kuweka picha, basi. Mengine niliyafanya kwa akili yangu. Kila asubuhi niliandika. Niliandika hivi: "Waliovunja soko wanalalaje usiku? Mito ipo." Au hivi: "Wakubwa wana magodoro ya serikali, sisi tuna mabati. Karibuni mito laini."

Watu walipenda! Waliandika, "Waambie mzee!" Wengine wakatukanana wenyewe kwa wenyewe mpaka jioni. Wafuasi wakaongezeka. Nikajiona nimefika. Lakini benchi lilikuwa lile lile, na mito ile ile.

Asubuhi moja jirani yangu msusi akaja, kitana kimechomekwa kwenye nywele. Mwanamke huyu naye alikuwa sokoni, akavunjiwa kama sisi. Lakini saluni yake inajaa, na wateja wengi wanamjua kutoka mtandaoni.

"Hodi, Baba Usingizi."

"Karibu. Unataka mto?"

"Nataka kukugombeza." Akakaa juu ya gunia la sufi bila kukaribishwa. "Jana mteja wangu alitafuta mto mtandaoni. Nikamwelekeza kwako. Akafungua ukurasa, akaniuliza, huyu anauza mito au anauza ugomvi?"

"Nimesema uongo gani?"

"Hakuna. Hata mimi walinivunjia. Lakini ukurasa wa duka ni kizingiti cha duka. Ukisimama kizingitini unafoka, nani ataingia ndani?"

"Mbona wafuasi ni wengi?"

"Wamefuata nini? Mtu aliyekuja kutazama ngumi hanunui mto, mzee wangu. Anatazama, anashangilia, anakwenda zake."

Akachukua simu yangu.

"Na hiki kitanda cha kifahari ni chako?"

"Nimekikuta mtandaoni."

"Na mto uliopo juu yake?"

"Nao pia."

"Sasa mteja akija kuutaka utampa nini? Utampa simu?" Akacheka hadi kitana kikadondoka. Mimi sikucheka. Akaendelea kusoma. "Tazama hapa. Huyu dada amekuuliza bei. Umemjibu, 'Kawaulize waliovunja soko.' Astaghafiru! Mteja ametoa mkono, wewe umempiga konzi."

"Kwa hiyo ninyamaze? Wao wavunje, mimi nitabasamu?"

"Usinyamaze. Fungua ukurasa mwingine kwa jina lako, ukafoke huko, na mimi nitakuja kukuunga mkono. Huku uza mito." Akaweka simu chini. "Niambie kitu kimoja. Mito inauzwa kila mahali. Mtu akiuona wako kwa mbali, atajuaje kwamba huu ni wa Usingizi?"

Kilikuwapo kitu. Nikaenda nyuma ya pazia, kitandani kwangu, nikaleta mto wangu wa zamani. Nikamwonyesha pembe. Palikuwa na fundo dogo la uzi mwekundu.

"Alilifunga yeye. Kila mto," nilisema. "Alikuwa anasema, mtu akikosa usingizi ajue wa kumlaumu. Tulikuwa na majirani sokoni waliojaza vitambaa vikuukuu na kuita sufi. Hawakuweka alama yoyote. Yeye aliweka. Mto ukiharibika, uleteni, fundo hili hapa."

Msusi akaligusa kwa ncha ya kidole. "Mbona hii ya benchini haina?"

"Lilikuwa lake."

Akauweka mto magotini. Kisha akasema polepole, "Mzee wangu, hiyo ndiyo inaitwa chapa. Chapa si jina zuri wala rangi. Ni ahadi ambayo mtu anaitambua kwa macho. Makampuni yanalipa watu yapate kitu kama hiki. Wewe ulikuwa nacho, ukakizika."

"Nilimzika mke wangu," nilimwambia. "Usinifundishe kuzika."

Akasimama, akaomba radhi, akaenda.

Mchana wote sikufanya kazi. Nilifikiri juu ya wale wakubwa. Walivunja soko lote na hakuna aliyeacha jina lake pale, wala namba ya simu. Hakuna wa kumlaumu. Mke wangu, mshona mito, aliacha fundo kila mahali. Nikaitazama ile mito yangu benchini, isiyo na alama. Nikaona aibu. Nilikuwa nafanya kama wao.

Niliondoa kanga juu ya cherehani, nikafungua droo. Uzi mwekundu ulikuwapo, na sindano imechomwa humo kama alivyoiacha. Fundo la kwanza lilifumuka. La pili likawa kubwa kama njugu. Yeye alikuwa analifunga huku anaongea, hata hatazami. Nilifunga na kufumua mpaka likakaa.

Kesho yake nikaenda saluni, nikasimama mlangoni.

"Njoo unipige picha, ya mito yangu mwenyewe," nilisema.

"Mtu mzima haombi radhi, anaomba picha," msusi alimwambia mteja wake, na wote wakacheka.

Alikuja akanikalisha karibu na dirisha. "Mwanga wa asubuhi unatosha, huna haja ya taa. Futa kioo cha kamera kwanza, kina mafuta. Simu iegemeze kwenye kitu isitikisike. Onyesha mikono tu, fanya kazi kama kawaida. Video iwe fupi, watu wana haraka."

Nikajaza sufi, nikashona, nikafunga fundo. Kisha tukaandika pamoja maneno machache: mto wa sufi halisi, bei yake, duka lilipo, namba ya simu. Na mstari mmoja: "Ukiona fundo jekundu, ujue wa kumlaumu."

"Anayeuliza mjibu siku hiyo hiyo, kwa adabu," alisema. "Anayetukana, mwache apite. Na wakija vijana kukuuzia wafuasi, wafukuze. Wafuasi wa kununua hawana vichwa, wataulalia mto kwa kitu gani? Sasa... ya Mama Usingizi unayo? Video yoyote?"

Ninayo. Mke wangu anacheka, sufi imejaa kwenye nyusi, anasema, "Acha bwana, inaniingia mdomoni!" Nimeiangalia hadi naijua pumzi kwa pumzi.

"Tuiweke?"

"Hapana. Hiyo ni yangu."

"Vema," alisema. "Si kila kitu ni cha mtandaoni."

Mwanzoni wafuasi walipungua. Mmoja aliandika, "Mzee umehongwa na wakubwa?" Kidole kiliniwasha, lakini nilikizuia. Nikaendelea kuweka kazi yangu. Leo nachambua mbegu kwenye sufi, kesho naeleza jinsi ya kuanika mto. Akaja mama mmoja akanunua. Akaja bwana mmoja kumnunulia mkewe mjamzito. Nikawaomba, wakipenda, wanitumie picha ya mto ukiwa kwao.

Kisha ukaingia ujumbe wa mwanamke nisiyemjua.

"Fundo hili nalijua," aliandika.

Chini yake picha. Mto mkuukuu, umekuwa bapa kama chapati, kitambaa kimepauka. Kwenye pembe, fundo jekundu.

"Mama yangu aliununua sokoni kabla halijavunjwa. Nimehama nao nyumba zote. Mnaweza kuujaza upya?"

Fundo lile nililikuza kwenye kioo cha simu. Uzi umekatwa mshazari, hivyo alivyokata yeye. Mwisho wa kila fundo aliuvuta kwa meno.

Aliuleta mwenyewe. Nilifumua upande wa pili, nikatoa sufi iliyokufa, nikaweka mpya. Pembe ile sikuigusa. Akaubonyeza, akautia shavuni, akafumba macho pale pale dukani.

Niliweka mtandaoni: "Leteni mito yenu ya zamani yenye fundo jekundu, tunaijaza upya." Nayo ikaja. Mmoja kutoka ng'ambo ya mji, mwingine umefungwa kwa shuka la mtoto. Waliokuja kujaza wakanunua na mipya.

Mwisho wa mwezi mtu wa cherehani alifika. Alinikuta ninashona.

"Nimeambiwa inauzwa."

"Ina kazi," nilimjibu. Akakaa akingoja nibadili nia, akaishia kununua mto. Jioni nilimpigia binti yangu. Alipoona video ya mimi nikishona, hakuguna. Alisema, "Baba, unakaa penye cherehani, alipokuwa anakaa mama."

Soko bado ni uzio na picha. Nawafokea wakubwa kwenye ukurasa ule mwingine, na msusi ananiunga mkono kama alivyoahidi. Huku nauza mito.

Na kila mto wa zamani unaoletwa, sitazami kitambaa kwanza. Natazama pembe. Nikilikuta fundo lake, namwambia mwenye mto akae kidogo, kazi hii haitaki haraka. Kisha naujaza, naushona, naurudisha kwake. Si wangu.