Mbuzi Wawili kwa Gemu Moja

Basi la Musoma lilikuwa halijasimama sawasawa pale stendi ya Mugumu, na watu walishaanza kuligombania kama kuku waliomwagiwa mtama. Bodaboda wanaita abiria, wauza karanga wanapenyeza mikono madirishani, kondakta yuko juu ya keria anarusha mizigo kama anayeshindana na mtu. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Nyangi, fundi cherehani, binti wa kijiji cha Mbalibali. Alivaa gauni la kitenge cha njano alilolishona mwenyewe, likamkaa kama amezaliwa nalo, na futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni kwa sababu alitoka kibandani mbio akaisahau. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na sketi arobaini zilikuwa zinangoja zipu kutoka Mwanza.

Kondakta akamrushia bahasha ya kaki. Nyangi akaichana palepale. Hamkuwa na zipu hata moja. Kulikuwa na kasha la plastiki, juu yake mtu mwenye mapanga mawili anatazamana na joka lenye meno kama reki.

"Jamani! Nitamfunga mwanafunzi sketi kwa joka?"

"Samahani dada, joka ni langu."

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono imesimama kama ubao, miguuni kandambili za matairi. Mkononi ameshika bahasha iliyochanwa, na zipu zinachungulia kama ulimi.

"Na hizo ni zangu," alisema Nyangi. "Ulitaka kushona nini?"

"Nilitaka kucheza. Mimi naitwa Sadock, nina banda la gemu nyuma ya soko. Hiyo ni gemu mpya, imetoka juzijuzi. Unakuwa shujaa, unazunguka nchi nzima, unapigana na mazimwi, kila ukishinda unaongezewa nguvu..."

"Bei gani?"

Sadock akatazama vidole vyake vya miguu. "Mbuzi wawili."

"Kaka, nimeuliza bei, sijauliza mahari."

"Ndiyo bei. Baba kule Natta alinipa mbuzi wawili nianzie maisha. Nimewauza."

"Majike?"

"Majike."

"Hawakuwa na mimba?"

Bodaboda mmoja akaacha kuita abiria ili asikie jibu.

"Mmoja," alisema Sadock.

"Basi umenunua kwa mbuzi watatu," alisema Nyangi, na stendi ikacheka. Lakini alipomwona masikio yamelegea kama ya ndama aliyenyeshewa, akamhurumia. "Haya, nikupe nafasi ya kujikomboa. Kitendawili!"

"Tega."

"Ng'ombe wangu hali majani, hanywi maji, ukimchomoa mkia anakufa."

Sadock akawaza. Akajaribu mto, akajaribu nyoka, akajaribu trekta. Mwisho akainua mikono. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

Mnajua sheria. Anayeshindwa hutoa mji, na aliyetega huenda, hula, huvaa, kisha hurudi kutoa jibu.

"Chukua Dar es Salaam."

"Nimekwenda Dar, nimekula pilau, nimepanda lifti, nimerudi. Ni hiyo mashine yako ya gemu na waya wake wa umeme! Mtu analala na ng'ombe wake ndani, na hamjui!"

Akanyakua zipu zake akaondoka, gauni la njano likimsindikiza. Sadock alibaki amesimama na joka lake mpaka basi likaondoka.

Haikupita wiki, Nyangi akajiambia anakwenda nyuma ya soko kununua uzi. Uzi hauuzwi nyuma ya soko. Alikuta vijana wamebanana kwenye benchi wanacheza mpira wa kwenye runinga, na kasha la joka liko juu ya rafu, limeshika vumbi.

"Mbona mbuzi wako hawachungwi?" aliuliza.

Sadock akacheka kwa uchungu. "Nilikosea, dada Nyangi. Mpira wanacheza wawili, wanalipa wawili, nusu saa wanatoka wanatukanana, wanaingia wengine. Hii inataka mtu mmoja akae mwezi mzima. Nani wa Mugumu atalipia mwezi mzima?"

"Lakini ni nzuri?"

"Aa! Nzuri mpaka unasahau kula. Milima yake ukiitazama unasikia baridi."

"Basi nionyeshe. Nijue mbuzi watatu wanafananaje."

Ilikuwa saa kumi jioni, vijana wamekwenda mpirani kwa miguu yao wenyewe. Sadock akamwekea kiti, akakifuta kwa leso yake. Gemu ikamtaka mchezaji amchonge mtu wake: uso, nywele, silaha. Nyangi akakataa wale vijana wote wenye misuli. Akachonga mama mwenye mvi, akampa mkuki, na penye jina akaandika Mokami.

"Huyo nani?"

"Bibi yangu, Mungu amrehemu. Ndiye aliyenifundisha vitendawili. Nataka nione hilo joka litamfanya nini."

Joka lilimuua kabla hajapiga hatua kumi. Nyangi akapiga ukelele. Mara Bibi Mokami akasimama tena palepale, na mkuki wake.

"Kumbe anafufuka?"

"Kila mara. Na alipofika unamhifadhi, kesho unamkuta hapohapo anakungoja."

Nyangi akavuta kiti karibu na runinga.

Sasa, mdomo wa Nyangi haukuumbiwa kukaa kimya. Kadiri alivyocheza alisimulia: "Bibi Mokami anapita porini, anamwambia yule zimwi, wewe mwenye kichwa kama chungu, shikamoo yako iko wapi? Zimwi halina adabu. Bibi anamchoma!" Watu wa Mugumu wamezoea filamu za kizungu zenye mtu anayezisimulia kwa Kiswahili, lakini gemu ya kusimuliwa walikuwa hawajaiona. Mama wa chapati akachungulia. Bodaboda wawili wakazima pikipiki. Siku ya tatu benchi lilijaa, Sadock akaanza kutoza shilingi mia mbili kwa kichwa. Siku ya kumi akaazima viti vya kanisani.

Hayo ni ya wengine. Ya wawili yalikuwa haya: Nyangi akimaliza kucheza anakuta chai imefunikwa na sahani. Mashati ya Sadock hayakosi vifungo tena. Na simu ikilia kibandani, fundi wa jirani, Scholastica, anasimamisha cherehani yake ili asikie vizuri.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula, baba joka. Wewe?"

"Mimi nimeshiba sauti yako."

"Toka hapa! Sauti haina mchuzi." Anacheka, sindano imemkaa mdomoni.

Palipo na moshi watu wa Mbalibali huuliza moto, na habari zikamfikia Mjomba Kisyeri, kaka wa mama yake Nyangi. Katika ukoo ule, mjomba asipokubali, binti haolewi. Akaja Mugumu siku ya mnada, koti refu, fimbo ya mkwaju, akamkuta Sadock peke yake anafagia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Bado sijawa mjomba wako. Zizini kwenu una nini?"

Simioni, rafiki yake Sadock, alikuwa mlangoni, akamkonyeza: taja mbuzi wa jirani, tutawaazima! Wengi wamefanya hivyo, wakwe wakaja kuhesabu mifugo ya watu. Lakini Sadock hakujua kudanganya.

"Nilikuwa na mbuzi wawili. Nilinunulia gemu."

"Ni mnyama gani huyo?"

Sadock akaitoa CD ya gemu ndani ya kasha, akamwonyesha. Mzee akaigeuza, akajiona uso wake ndani, akairudisha.

"Mura, kijana, hiki ni kioo. Kaoe kwenye kioo. Nitakapowaona mbuzi zizini, ndipo uje useme jina la binti yetu." Akaondoka.

Usiku ule Sadock hakulala. Akakumbuka kicheko cha stendi: basi umenunua kwa mbuzi watatu. Akajiambia, kumbe maneno ya mjomba ni yaleyale ya binti, tofauti ni fimbo. Asubuhi akapanda gari la Tarime, akamuuzia ile gemu Emanueli, muuza vifaa vya simu, akarudi na mbuzi wawili majike aliowanunua njiani, akawapakiza gari la Natta kwa baba yake. Moyoni aliona amefanya jambo kubwa la mapenzi.

Jioni Nyangi akafika amevaa blauzi nyekundu mpya, maana siku hiyo Bibi Mokami alikuwa avuke mto wa moto. Benchi limejaa. Kasha halipo.

"Nimeiuza," alisema Sadock, anatabasamu. "Nimerudisha mbuzi."

"Umeniuliza?"

"Mjomba wako alikuja..."

"Nauliza mimi. Umeniuliza?"

"Si wewe uliyesema ni hasara? Siku ya kwanza kabisa?"

"Siku ya kwanza nilikuwa sikujui, na gemu sikuijua! Sadock, umemuuza bibi yangu kwa mbuzi wawili."

"Nyangi, ngoja nikwambie..."

Hakungoja. Mama wa chapati alimwita, hakugeuka. Simu ikalia mara tano njiani, akaizima.

Siku nne cherehani ya Nyangi ilishona kwa hasira, uzi ukakatika kila saa. Na kila aliyepita alikuwa na swali lilelile. Bodaboda: "Fundi, bibi alivuka mto?" Mama wa chapati: "Mwanangu, mimi silali, yule bibi tumemwacha na kidonda mguuni." Hata muuguzi wa hospitali, aliyekuja kupunguziwa sare, aliuliza. Hakuna aliyeuliza kuhusu mbuzi.

Siku ya tano akaja Simioni, kichwa chini.

"Shemeji, sijatumwa. Ila ujue banda linakufa."

"Mpira si upo?"

"Mpira mpya umetoka, vijana wanautaka. Lakini tumbo la mashine limejaa, haliingizi kitu mpaka kingine kifutwe. Nikamwambia Sadock, mfute yule bibi, CD yenyewe hatuna. Alinifukuza kwa ufagio. Amesema kuliko kumfuta bibi wa Nyangi, bora afunge banda. Wateja wamehamia kwingine."

Nyangi akaacha kukanyaga cherehani. "Unasema bibi yumo bado?"

"Yumo. Amesimama pale ukingoni mwa mto. Ila bila CD hawezi kutembea, nayo iko Tarime kwa Emanueli."

Scholastica naye alikuwa ameacha kushona. "Nenda," alisema. "Sare nitamalizia mimi."

Nyangi alikuwa ameweka akiba ya kununua mashine ya kuziba nyuzi pindoni. Akaifunga kwenye kanga, akapanda gari la Tarime.

"Hii gemu sikuuzii bei ya chini, dada," alisema Emanueli, "ingawa imenitesa. Yule joka ameniua mara thelathini."

"Unampiga wapi?"

"Kichwani."

"Ndiyo maana! Joka hupigwa tumboni, akivuta pumzi. Nipunguzie elfu ishirini, nimekufundisha."

Emanueli akacheka, akapunguza. Akiwa anaifunga akauliza, "Lakini kweli, dada, kwa bei hii inafaa?"

Nyangi akafikiri. "Kwa mtu anayecheza peke yake na kufunga mlango, sijui. Sisi tulikuwa watu arobaini. Na bibi yangu sikuwahi kumwona akikimbia."

Garini akawasha simu. Ililia mara moja tu.

"Nyangi! Mpenzi, nisamehe, nilikuwa..."

"Nyamaza. Umefuta kitu chochote?"

"Sijagusa."

"Chemsha chai. Na tafuta viti."

Alipofika saa kumi, vumbi la barabara limemgeuza blauzi rangi, banda lilikuwa limefurika mpaka dirishani. Sadock alisimama mlangoni na shati lile jeupe, kifungo kimoja kimeng'oka. Nyangi akakitazama.

"Siku tano tu, ushaanza kuchakaa?"

"Sikuwa na fundi."

"Na mimi sikuwa na joka." Akampa kasha. Vidole vyao vikagusana, na mama wa chapati akajifanya anatafuta kitu chini.

Runinga ikawaka. Bibi Mokami yuleyule, mvi zake, mkuki wake, ukingoni mwa mto. Banda zima likashangilia kama amerudi kutoka ng'ambo. Nyangi akashika pedi ya kuchezea, akaanza kusimulia, na akasahau dunia mpaka joka lilipotoka mtoni na sauti nzito nyuma ya benchi ikanguruma:

"Kushoto! Binti, kushoto! Ngoja avute pumzi... Choma tumbo! Tumbo!"

Mjomba Kisyeri. Alikuja kuuliza kama ni kweli mbuzi wameonekana Natta, akapewa kiti, akasikia Nyangi akisimulia joka hupigwa wapi, na sasa amesimama juu yake na fimbo mkononi. Joka likaanguka. Mzee akafuta jasho, akashuka taratibu, akarudisha sura yake.

"Yule mama, umesema anaitwa nani?"

"Mokami, mjomba."

Mzee akakohoa. Bibi Mokami alikuwa mama yake mzazi. Akatazama viti, akatazama kopo la mia mbili limejaa. "Hawa mbuzi," alisema polepole, "wanazaa bila kwenda machungani."

Watu wakacheka. Sadock akapiga magoti karibu na kiti cha Nyangi, kama anayerekebisha waya, lakini waya hakuugusa.

"Kitendawili," alisema.

"Tega," alisema Nyangi.

"Safari ndefu, yenye milima na mazimwi. Walioitengeneza walisema ni ya mtu mmoja. Lakini mimi nikienda peke yangu, siendi."

Jibu Nyangi alilijua kabla Sadock hajamaliza kusema. Akaiweka pedi mapajani. Binti huyu alikuwa hajawahi kushindwa kitendawili tangu anyonye.

"Nimeshindwa," alisema.

"Nipe mji."

"Dar nilishakwenda. Mwanza hutakula ukashiba." Akamtazama mjomba wake, kisha akamtazama Sadock, na kicheko kikamtoka hata kabla ya neno. "Chukua Mbalibali. Nyumbani kwa mama."

Mjomba Kisyeri akagonga fimbo chini mara moja.

"Mura, umesikia, umepewa mji. Nenda kaone, halafu urudi utupe jibu." Akaketi, akageukia runinga. "Na wale mbuzi wawili uje nao. Binti, endelea. Ng'ambo ya mto kuna nini?"