Kiti cha Mbele cha Korongo

Kengele ya mkanda ilianza kulia, na kiti cha mbele cha gari hakikuwa na mtu. Ti, ti, ti, ile kengele inayomkera abiria mpaka ajifunge. Mama Sindano, aliyekaa nyuma na marobota yake ya leza, ngozi ya kushonea viti, alinyoosha shingo kutazama. Hakuona mkoba wala hata gazeti.

"Umeweka nini hapo mbele?"

"Sijaweka kitu," mumewe akajibu.

"Basi inamlilia nani?"

"Mke mwenzio hajafunga mkanda!"

Mumewe akanyoosha mkono, akavuta mkanda wa kile kiti kitupu na kuupachika. Kengele ikanyamaza. Wote wawili wakacheka, safari ikaendelea.

Utani huo wa mke mwenza una asili yake, na afadhali isemwe mapema, kwa kuwa ndio uliotaka kumfukia mtu.

Mume alikuwa mpima ardhi, lakini watu walimwita Mzee Korongo tangu hajamiliki hata baiskeli. Korongo ni yale magari ya Kijapani yenye ndege aliyesimama mguu mmoja kwenye boneti. Mzee aliijua historia ya kampuni ile kama wengine wanavyoijua nasaba yao. Angekushika mkono njiani akueleze jinsi mwanzilishi wake alivyoanza na pampu za mashamba ya mpunga, katika kibanda nyuma ya jiko la mama yake. Jinsi alivyookota vyuma chakavu baada ya vita akaunda kigari cha magurudumu matatu. Na jinsi kilivyokuja kile kigari cha umbo la kiberiti, matajiri wakakicheka, wakacheka, mpaka siku magari yao makubwa yalipokwama matopeni yakavutwa na hicho hicho kiberiti.

Jumapili wenye Korongo walikutana pale magari yanapooshwa, kila mmoja na ushuhuda wake. Muuguzi alisema lake lilizama kwenye mafuriko, akalianika kama nguo, likawaka. Mchinjaji alisema mita yake ya mwendo ilijaa namba ikarudi kuanza upya, na yeye ndiye aliyezeeka. Kisha wote kwa pamoja: "Korongo hafi, husinzia tu!"

"Chuma ni chuma," Mama Sindano aliwaambia. Kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari, na hakuwa na adabu ya kusifia asichokiamini. "Nyie mnaona rangi. Mimi ndiye ninayeona sponji ilivyooza."

Siku Mzee alipolileta la kwake, limetumika huko Japani likaja kwa meli, majirani walijaa kutazama. Alipozungusha ufunguo, dashibodi ikasema kwa sauti ya mwanamke, maneno laini, ya heshima, ambayo hakuna aliyeyaelewa. Karibu magari yote ya namna hiyo husema hivyo asubuhi, na kila mwenye gari ana jibu lake. Muuguzi hujibu, "Ndiyo, mama." Mchinjaji hujibu, "Nenda ukapike." Mzee Korongo akajibu, "Karibu, mrembo," akaenda kumfungulia mkewe mlango wa mbele.

Mama Sindano akashika kiuno. "Kumbe umeniletea mke mwenza! Haya, kiti cha mbele nampa yeye. Mgeni huyo, katoka mbali. Mimi nitakaa nyuma."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Naye akakaa nyuma kweli, siku hiyo na siku zote zilizofuata. Alikuwa mtu wa neno moja: akisema kitu, hata kwa mzaha, anakitimiza ili asionekane kigeugeu. Kuwa na neno moja ni sifa nzuri. Lakini kuna wanaosikiliza, na si wote ni watu.

Baada ya siku ile ya kengele, alimwambia mumewe aliache gari kwenye banda lake la kushonea. Alitaka kutazama ule waya ulio chini ya sponji, unaohisi uzito wa abiria. Alipogusa kava, vidole vikasita. Leza aliyoishona juzijuzi kwa mkono wake ilikuwa imesuguliwa ikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Akaivua. Sponji ilikuwa imebonyea pahali pa nyonga mbili nyembamba na mapaja mawili yaliyobanwa pamoja, kama ya mwanamke anayekaa kwa heshima ukweni.

Akaweka kiganja penye lile bonde. Palikuwa na baridi. Jua lilikuwa la utosi, bati la banda likilia kwa joto, na pale palikuwa na baridi ya chini ya kisima. Harufu ikapanda, harufu ya nywele zilizoloa zikafungwa kabla hazijakauka.

"Upuuzi," akajiambia, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Akatoa sponji ile, akakata mpya, akaipachika, akageuka kutunga uzi kwenye sindano. Nyuma yake springi za kiti zikashusha pumzi, taratibu, kama zinavyofanya mtu anapokaa. Hakugeuka mara moja. Alimaliza kwanza kutunga uzi, maana alijua akigeuka mikono haitatulia tena. Alipogeuka, sponji mpya ilikuwa na bonde lile lile.

Waya ulikuwa mzima.

 Kuanzia hapo akamtazama mumewe kwa jicho la kazi, na alichokiona hakikumpendeza. Mzee alikuwa akipungua. Kila mkewe alipofua suruali zake ilimbidi apunguze kiuno. Ukimwekea chakula anasema, "Nimeshakula." Ukimuuliza wapi, anatabasamu. Mchana alirudi nyumbani kama kawaida, lakini hakushuka. Alikaa ndani ya gari pale getini, vioo vimefungwa, jua likichoma boneti. Mama Sindano alipogonga kioo akashuka na midomo iliyopasuka kwa ukavu, na mikono baridi kama samaki wa barafu.

"Ulikuwa unafanya nini humo, baba watoto?"

"Tulikuwa tunamalizia maneno."

"Wewe na nani?"

Akamtazama mkewe kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Punguza sauti," akanong'ona. "Atasikia."

Mama Sindano aliificha simu chini ya kiti akarekodi. Daktari wa meno, mmoja wa wale wa Jumapili, alikuwa amesoma Japani miaka mingi, Mama Sindano akampelekea ile sauti. Daktari alipiga simu badala ya kuandika.

"Shemeji, hiyo sentensi ya kwanza ni ya kawaida. Inasema kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Hata langu husema."

"Na yale mengine? Yale marefu?"

Daktari akashusha sauti: "Shemeji, hayo si Kijapani. Sijui ni lugha gani. Tena inanyamaza katikati, umesikia? Kama inayosubiri kujibiwa. Na shemeji... kuna mahali inajibiwa. Na Mzee. Kwa lugha hiyo hiyo."

"Liuze," alimwambia mumewe siku ile ile.

"Korongo hauzwi."

"Unakufa, mwanamume wewe! Unakufa mbele ya macho yangu, na mifupa yako naihesabu!"

Mzee akacheka kidogo, bila pumzi. "Husinzia tu," akasema, akajilaza kwenye mkeka.

Hapo hasira zikampanda. Mama Sindano akanyakua ufunguo msumarini, akatoka na jua la saa sita, ameazimia kuliendesha lile gari mpaka kwa mkata vyuma asubiri likatwe vipande. Uwanjani hapakuwa na mtu, hata kuku walikuwa wamejificha, na alipokuwa akizunguka upande wa abiria aliona sura yake kwenye kioo, kitambaa chake cha kichwa, jasho lake, mdomo wake uliokunjamana kwa ghadhabu, na akaona kioo kile kikianza kuingia ukungu kwa ndani, duara dogo la mvuke lililokua na kunywea, likakua na kunywea, pale pale palipo mdomo wa sura yake, kama kwamba kuna mtu amekisogelea akimpumulia uso kwa uso, na injini ilikuwa imezimwa, na ufunguo ulikuwa mkononi mwake, na bado ile sauti laini ya dashibodi ikasema, safari hii kwa maneno aliyoyaelewa vizuri kabisa:

"Ulinipa mwenyewe."

Ufunguo ukamponyoka. Aliuacha hapo hapo mchangani.

Mtaalamu wa majini alikuja kwa baiskeli, mafua yamembana, hataki maji wala maneno mengi. Alilizunguka gari akinusa na kupiga chafya, akaweka sikio kwenye mlango wa mbele, akaliondoa upesi.

"Nani alimkaribisha?"

"Kaja na gari," Mama Sindano akasema. "Katoka huko huko."

"Mama, majini hayangoji meli. Gari lilikuja tupu. Huyu ni wa hapa hapa, alikuwa anapita njia, akasikia anaitwa." Akapenga. "Huyu si mwizi. Mwizi ningemtoa kwa dakika mbili. Huyu kapewa kiti mbele ya mashahidi. Nani kampa?"

Mama Sindano akainamisha kichwa. "Ilikuwa mzaha."

"Hawajui mzaha. Sasa sikiliza. Mimi nitasoma nje hapa, nimzuie asimvae mtu. Lakini kiti atakidai aliyekitoa. Utaingia, utakaa."

"Na yeye yumo?"

"Ndiyo. Utamkalia."

Mzee Korongo alikuwa ameshakaa kwenye usukani, mikono imeshika, mishipa imemtoka kama kamba. Mama Sindano akafungua mlango wa mbele. Harufu ya nywele mbichi ikamjaa puani. Akapandisha mguu mmoja, akajiachia.

Hakukaa kwenye sponji. Alikaa kwenye magoti. Aliyahisi chini ya mapaja yake, magumu, membamba, ya baridi, na kifua kikamgusa mgongoni, na nywele zilizoloa zikamwangukia begani zikamchirizia maji ndani ya blauzi, na kengele ikaanza kulia, ti ti ti ti, kwa kasi ambayo hajawahi kuisikia, na sauti ya dashibodi ikawa inasema maneno yake marefu, haikunyamaza tena kusubiri jibu, na nje mtaalamu alikuwa anasoma na kupiga chafya na kusoma, na mikono miwili ikampitia kiunoni kutoka nyuma ikaanza kukaza, na mumewe, mume aliyemzalia watoto watatu, alikuwa anatazama mbele tu, machozi yakimtoka, asimsaidie.

"Inuka!" Mama Sindano akapiga kelele. "Nilitoa kwa mzaha, nachukua kwa kweli! Kiti changu! Mume wangu! Inuka, mwanaharamu mkubwa, inuka!"

Akavuta mkanda, akaupachika.

Kengele ikakatika. Chini yake kitu kikalegea, kikateleza kama maji chini ya kitambaa, na mapaja yake yakashuka, yakakuta sponji.

Mzee Korongo akalaza paji la uso kwenye usukani.

"Mama watoto," akasema kwa sauti yake ya zamani, "nina njaa."

Mama Sindano alilia pale pale kitini, hakuona haya.

Mtaalamu alikunja kitambaa chake cha pua. "Kiti umekipata," akasema. "Usikiache tena." Akapanda baiskeli yake.

Mzee alikula siku hiyo mpaka sufuria ikakwanguliwa. Mashavu yakarudi. Dashibodi ilisema sentensi moja tu asubuhi, ile ya kadi, na hakuna aliyeijibu. Jumapili alirudi kwa wenzake, akaianza upya hadithi ya pampu na kibanda, na Mama Sindano kwa mara ya kwanza alimwacha aimalize. Kila walipotoka alikaa mbele, mkanda kifuani.

Asubuhi moja walikuwa wakimpelekea mteja kava za viti vyake. Barabara ilikuwa nyeupe na tupu. Mzee alikuwa akipiga mluzi, akitabasamu. Mama Sindano akatabasamu naye, kisha akaona kwamba tabasamu lile halikuelekezwa kwake. Macho ya mumewe yalikuwa juu, kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Kioo kilikuwa kimeinamishwa chini, hakionyeshi barabara ila kiti cha nyuma.

Viti vyote vya gari lile alikuwa amevifungua kwa mkono wake. Waya wa kengele uko chini ya kiti cha mbele peke yake. Vya nyuma havina.

"Unamwangalia nani?" akanong'ona.

Mzee akaendelea kupiga mluzi. Na Mama Sindano, aliyekuwa amekaa wima katika kiti chake mwenyewe, akahisi mgongo wa kiti ukisukumwa taratibu kutoka nyuma na magoti mawili membamba, ya mtu anayejiweka sawa kwa safari ndefu.