Kuku wa Ukutani

Fundi hakuwa mtu wa kukaa kitako. Hata chai aliinywa akitembea. Ukimwambia, "Kaa basi," atakujibu, "Nimeshakaa," na mguu mmoja uko nje. Kazi yake ilikuwa kuchora matangazo kwenye kuta za maduka: mikate, viatu, sabuni, chochote kinachouzwa.

Lakini mwezi ule hata angetaka kutulia asingeweza. Mtoto wake wa miezi tisa alikuwa analia. Alibebwa, watu wakampokezana, akaimbiwa. Wapi! Walimwita Kibonge kwa sababu alizaliwa mnene kama mkate unaotoka tanurini. Sasa jina limebaki, unene umekwenda. Mikono imekuwa myembamba, na ngozi ya mapaja inalegea.

"Kibonge gani huyu?" jirani mmoja alitania dirishani.

Fundi alicheka kidogo, akabeba ndoo yake ya rangi, akaondoka. Utani ule ulimsumbua njia nzima kama kokoto kiatuni.

Mkewe alikuwa amerudi kazini, kwenye kiwanda cha sabuni. Alimnyonyesha mtoto alfajiri na jioni. Mchana mtoto alilishwa na bibi yake, yaani mama yake Fundi.

"Mama, huyu mtoto anakula kweli?" Fundi aliuliza.

"Haa! Anakula wali laini na supu ya kuku. Hata wewe hukulelewa hivyo."

Fundi akapumua. Supu hiyo aliijua. Ilipikwa kwa kidonge cha mchuzi, kile cha mraba kinachofungwa kwa karatasi inayong'aa. Unachemsha maji, unakitia, nyumba nzima inanukia kuku. Tena tangazo lake alilichora yeye, kwenye ukuta wa duka la kona. Alichora kuku mkubwa, mwekundu, kifua mbele. Mwenye duka alimwambia, "Ongeza paja," akaongeza. "Ongeza tena," akaongeza tena. Watu walisimama kumtazama kuku yule. Fundi mwenyewe alikuwa akipita pale hata kama hana safari.

Siku ya kupima watoto, mhudumu wa afya wa mtaa alimtundika Kibonge kwenye mizani ya kuning'inia. Mama huyo walimwita Mama Mizani. Alitazama mshale, akautazama tena.

"Baba, mtoto hana homa. Haharishi. Lakini uzito umeshuka tena. Akiendelea hivi nitampeleka hospitali alazwe. Leo nataka kuliona jiko lenu."

Fundi alitangulia mbio, kama vile nyumba inaungua.

Jikoni, Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Karibu. Umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kujifunza upishi wako, mama yangu. Mpikie Kibonge kama kawaida, nami nitazame."

Bibi akachemsha maji, akatia kidonge. Harufu ikajaa. Akaongeza chumvi kidogo, "ili ikolee," na matone ya sosi ya soya, "ya kuleta rangi." Kisha akaimwaga supu kwenye wali, wali ukaelea.

"Basi," alisema Mama Mizani. "Sasa naomba sufuria nyingine. Nitie kidonge kimoja, maji, na tusitie kitu kingine. Tuyachemshe mpaka yakauke."

"Yakauke? Si utaunguza kuku wa watu?"

"Ndiyo, mama. Namtafuta huyo kuku."

Wakasubiri. Fundi alitoka nje, akaingia, akatoka, akaingia.

"Wewe, unatuletea upepo!" mama yake alimfokea. "Simama sehemu moja!"

Maji yalipokauka, chini ya sufuria palibaki ukoko wa kahawia na weupe, na mng'ao wa mafuta. Mama Mizani aliukwangua kwa kijiko.

"Onja, mama."

Bibi akaonja. Uso ukamkunjamana. "Chumvi!"

"Karibu nusu ya kidonge ni chumvi. Kilichobaki ni unga, mafuta kidogo, rangi, na vitu vya kuongeza ladha. Nyama ya kuku, kama imo, ni chembe tu. Haiwezi kumjenga mtoto."

"Na sosi yangu?"

"Sosi inatokana na soya, kwa hiyo ina protini kidogo. Lakini ina chumvi nyingi mno. Ukitaka mtoto apate protini humo, utamnywesha chumvi kwanza. Na figo zake bado changa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hatiliwi chumvi, wala kidonge, wala sosi."

"Kwa hiyo chumvi ni sumu?"

"Hapana. Ninyi wakubwa tumieni kidogo, na mnunue ile yenye madini joto, inayosaidia kuzuia uvimbe wa shingo. Lakini ukishatia kidonge, usitie na chumvi tena. Hiyo ni chumvi juu ya chumvi."

Akavuta kikapu cha Bibi. Akatoa kitunguu, tangawizi, nyanya na ndimu.

"Hivi vinaleta ladha, na chumvi yake si ya kuhesabu. Nyanya na ndimu zina vitamini C, inayousaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani. Lakini hata hivi ni viungo tu. Kiungo kinakisindikiza chakula. Hakiwi chakula chenyewe."

"Sasa mimi nimempa nini mtoto?" Sauti ya Bibi ilikuwa ndogo.

"Umempa wali na maji ya chumvi. Tumbo linajaa, mwili haupati kitu. Na kiu inamliza."

Bibi akakaa chini, akamwangalia mwanawe.

"Kila nikienda dukani nilimwona yule kuku. Nimemwona na mapaja yake. Ni wewe uliyemchora, mwanangu. Ningeushuku mkono wako?"

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, miguu ya Fundi ilitulia.

"Lawama haipiki," Mama Mizani alisema. "Yai liko wapi?"

Walianza siku ile ile. Bibi alichemsha yai mpaka likaiva kabisa, akalisaga ndani ya wali mzito usiomwagika kijikoni. Siku iliyofuata alitia maharage yaliyopondwa, mboga za majani na nyanya, na mafuta kijiko kidogo. Siku nyingine samaki, mifupa imetolewa yote. Kibonge alipewa tunda laini katikati ya milo, na mama yake aliendelea kumnyonyesha. Mwanzoni alitema. Alishazoea chumvi. Bibi hakukata tamaa.

"Tema tu, mjukuu wangu," alimwambia. "Meno sina, lakini subira ninayo."

Baada ya wiki kadhaa, kilio kilipungua. Mshale wa mizani ukaanza kupanda, kidogo kidogo.

Hapo mwenye duka akamwita Fundi.

"Kuku wangu anapauka. Jua limemla. Njoo umfufue."

"Nitakuchorea kitunguu na nyanya."

"Kitunguu kinavuta nani? Kuku ndiye anayeuza!"

"Ndiyo shida yenyewe. Mama yangu alimnunua. Mtoto wangu akakonda."

"Basi nitatafuta fundi mwingine!"

"Mtafute."

Fundi mwingine hakupatikana upesi. Kila wiki Fundi alipita kwenye ukuta ule, Kibonge mabegani, akielekea kwenye mizani. Mvua ikaja, jua likarudi. Kwanza kuku akapoteza wekundu. Kisha kifua. Mwishowe yakabaki mapaja, nayo huyaoni mpaka uambiwe.

Kwenye mizani, Mama Mizani alimnyanyua mtoto, akaguna.

"Mh! Mmemtia mawe?"

"Mayai," alisema Bibi, aliyekuja nao siku hiyo.

Na Kibonge, miguu ikining'inia, alimpiga Fundi teke la kifua. Fundi akarudi nyuma hatua moja, akasogea mbele apigwe tena.